Ndege ya Saa Tatu

Jumatatu ile ndege ya saa tatu iligeuka kabla ya kuuvuka mlima.

Nilikuwa kwenye ngazi ya juu kabisa ya shamba letu la mteremkoni, nimeinama kwenye kabichi, mgongo unaniuma kama kawaida yake na mimi naugombeza kama kawaida yangu. Huku Mgeta ndege hiyo hupita kila asubuhi ikitoka Dar es Salaam kwenda Iringa. Wenzangu wote mlimani wanaisikia tu. Mimi naisikiliza. Ziko mbili, zilinunuliwa pamoja na zinapokezana safari, na miaka kumi na miwili iliyopita nyaya za taa za ndani katika zote mbili nilizipanga mimi, fungu kwa fungu, kwa vidole hivi ambavyo sasa vinashindwa hata na vifungo vya shati. Kwa hiyo ikipita nasimama, nashika kiuno, naisindikiza kwa macho mpaka ipotee nyuma ya mlima, ndipo narudi kwenye kabichi. Tangu Cecilia, mke wangu, afariki, ndiyo mgeni pekee anayenipitia kila siku. Wanangu wawili wako Mwanza na Arusha, na simu zao ni za Krismasi na Pasaka.

Jumatatu hiyo ilifika usawa wa misheni, ikalalia ubavu wa kushoto, ikarudi ilikotoka, tena ikiwa chini kuliko siku zote. Hakukuwa na wingu. Injini zote mbili zilikuwa zinalia vizuri. Rubani hageuzi ndege yenye watu eti kwa sababu amesahau miwani nyumbani. Nikasimama na jembe mkononi nikasema peke yangu, kwa sauti, kwamba humo ndani kuna moshi.

Katika miaka thelathini na moja ya ufundi umeme wa ndege, hicho ndicho tulichokiogopa kuliko injini kuzimika. Injini ikizimika unayo nyingine. Moto wa nyaya unaanzia mahali ambapo hakuna jicho, nyuma ya mbao za dari na kuta, waya mmoja umechubuka ukagusana na mwenzake, umeme unaruka, na harufu inawafikia abiria kabla mtu yeyote hajaona mwali. Ukiwa na gari utaegesha pembeni ushushe watu. Huko juu pembeni hakuna.

Mchana redio ilisema ndege imetua salama. Abiria thelathini na wanane wametoka wote, na mhudumu mmoja amelazwa kwa sababu ya kuvuta moshi. Nilimshukuru Mungu, nikala ugali wangu na figiri, nikaanza kumtafuta mzembe. Nikiwa peke yangu ndiyo kazi ninayoifanya vizuri zaidi. Nikasema vijana wa siku hizi wanafanya kazi huku macho yakiwa kwenye simu. Nikasema enzi zetu mambo hayo hayakuwepo. Kuku wawili wa Cecilia walikuwa mlangoni, wakanisikiliza mpaka mwisho.

Niseme hapa mimi ni nani huku mlimani, maana ina uzito kwa yaliyofuata. Jina langu ni Severini. Mimi ni Mluguru, lakini wa Matombo, upande wa pili wa milima, na kwetu Waluguru ardhi inakwenda kwa ukoo wa mama. Shamba ninalolima ni la ukoo wa Cecilia. Nilipostaafu nilimfuata kwao, na yeye alipotangulia miaka minne iliyopita nikabaki juu ya ardhi isiyo yangu, karibu na kaburi lisilo la ukoo wangu. Hata watoto niliozaa naye ni wa ukoo wao. Mwenye kauli juu ya shamba ni kaka yake, Bartholomeo, mwenye mashine ya kusaga pale njia panda. Angeweza kuniambia nirudi kwetu na hakuna ambaye angemshangaa. Badala yake siku za soko hunishika bega akawaambia wachuuzi kutoka Morogoro mjini, "Huyu shemeji yangu ni fundi wa ndege. Ndege, siyo pikipiki." Wachuuzi hunipa shikamoo ya heshima, na mimi hurudi nyumbani nikiwa nimenyooka kidogo. Hilo ndilo jina nililokuwa nalo, na sikuwa na kingine.

Jumanne nilipanda hadi kona ya kanisa, ambako simu inashika, nikakuta ujumbe wa Erick. Erick ni mtu mzima sasa, mkewe na watoto wako Dar, lakini mimi nilimpokea karakanani akiwa ametoka tu chuoni, mtoto wa Mwembesongo, Morogoro mjini, mwenye kalamu tatu mfukoni. Nilimfundisha kazi miaka mitano. Hajawahi kuniandikia hata mstari mmoja bila kuanza na salamu, hata ile siku nilipomfukuza ngazini mbele ya watu.

"Shikamoo mzee," aliandika. "Pole na shamba. Ndege iliyoshika moto ni yetu. Wiki tatu zilizopita nilifungua dari pale pale kubadilisha taa, na jina langu ndilo la mwisho kwenye kitabu cha matengenezo, kwa hiyo kamati ya uchunguzi inasema ni mimi. Ijumaa wanaamua kuhusu leseni yangu. Naomba uangalie picha hii. Unalionaje fundo hili?"

Nikaifungua picha. Fungu la nyaya lilikuwa limeungua nusu, maganda yameyeyuka, masizi hadi kwenye bati. Upande ambao moto haukufika palibaki fundo moja la uzi wa nta, na mkia wa uzi ulikuwa umerudishwa chini ya shingo ya fundo mara mbili.

Nikakaa kwenye ngazi ya kanisa.

Fundo lile liliingia kwenye ndege kutoka kwenye tita la kuni. Mama yangu alikuwa akishusha kuni kutoka mlimani akiwa na tita kichwani, njia imesimama wima na mawe yanateleza, na kuni zikilegea njiani mtu anaweza kuvunjika shingo. Kwa hiyo huku milimani kamba ya kuni hufungwa fundo ambalo kadiri mzigo unavyotikisika ndivyo linavyozidi kujikaza. Mkia unarudi chini ya shingo mara mbili, basi. Nililijua kabla sijajua kusoma. Kitabu cha kazi ya ndege kinataka fundo jingine, linaloshika mahali pake na kutulia, lisikaze wala kulegea. Mimi nililiona fundo la kitabu kuwa la watu wa tambarare. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniambia, "Severini, unabana mno." Nikamjibu kwamba mafundo yangu hayalegei, na kweli hayakulegea. Sikumfundisha mtu. Nilikuwa na wivu nalo. Erick alipokuwa akifunga la kitabu, nilikuwa nikimtania mbele ya wenzake kwamba anafunga zawadi ya kipaimara.

Na ndege, tangu inapowashwa hadi inapozimwa, inatikisika.

Nililielewa jambo lote pale pale ngazini, na nataka hilo lijulikane, maana baadaye nilijidanganya kwamba sikuwa na uhakika. Nikaandika: "Marahaba Erick. Picha haionekani vizuri. Nitaiangalia tena." Picha ilikuwa safi. Ningeweza kuhesabu nyuzi.

Jumatano saa tatu ilipita ile nyingine, pacha wake. Hakuna aliyekuwa ameisimamisha, maana kosa lilishapewa jina la Erick, na Erick hakuwa ameigusa. Nilikuwa nimesimama pale pale kwenye ngazi ya juu. Sikushika kiuno safari hii. Nilianza kuhesabu tangu nilipoisikia, nikaendelea kuhesabu mpaka ikauvuka mlima. Nikafika mia moja na arobaini. Niliogopa kiasi cha kutapika kando ya mfereji, kisha nikajisemea kwamba ni figiri za jana.

Ningeweza kupiga simu siku hiyo. Badala yake nikatafuta ushahidi wa kuniokoa. Kwenye sanduku langu nilikuwa na vipande vya waya wa ndege na kibunda cha uzi wa nta nilivyoondoka navyo siku ya kustaafu, kama ukumbusho. Nikafunga fungu moja la nyaya, upande huu fundo langu, upande ule fundo la kitabu. Nikateremka hadi mashineni kwa Bartholomeo, nikalifunga kwenye mguu wa injini yake ya dizeli, ile injini inayotikisa hadi vikombe vya nyumba ya jirani.

"Unaniwekea nini tena, shemeji?" Bartholomeo aliuliza, unga umemjaa hadi kwenye nyusi.

"Napima kitu. Usikiguse."

"Cha ndege?"

"Cha ndege."

Akafurahi. Mchana kutwa akawa anawaonyesha akina mama waliokuja kusaga kwamba mashine yake sasa inapima vitu vya ndege.

Alhamisi ni siku ya soko, na injini iliwashwa alfajiri. Saa tatu ndege ikapita. Niliisikia nikiwa njiani, chini ya migomba, mahali ambapo siwezi kuiona, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikasimama na kofia mkononi mpaka mlio ukaisha. Kuna mama alinipita na tenga la karoti akanipa pole, nadhani alifikiri nimesimama kwa ajili ya msiba.

Adhuhuri Bartholomeo alizima injini ili ipoe. Nikapiga magoti, nikakata fungu, nikaenda nalo mlangoni kwenye mwanga. Fundo la kitabu lilikuwa pale nilipoliweka, na waya chini yake ulikuwa mzima. La kwangu lilikuwa limezama. Ilibidi nilichokoe kwa ncha ya kisu, na lilipotoka niliona ganda la waya limekatika kuzunguka pande zote, na ndani shaba inang'aa. Hiyo ni injini ya mahindi, chini ya siku mbili. Kule juu lilikuwa na miaka kumi na miwili.

Bartholomeo alisimama nyuma yangu. "Vipi, kimefaulu?"

Nikamwambia. Sikupanga kumwambia yeye kwanza, lakini alikuwa pale, na kwa siku tatu sikuwa nimeongea na mtu zaidi ya salamu. Nilimwambia habari za fundo, za moshi, za Erick na kamati ya kesho yake. Alisikiliza akijipangusa unga mikononi, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Ndege ilitua," alisema mwishowe.

"Ilitua."

"Watu wamepona."

"Wamepona."

"Basi kaa kimya, shemeji. Huyo kijana atapata kazi nyingine, ana nguvu bado. Wewe una nini? Watu hapa wanakujua kwa hilo tu. Ukishalitoa, hapa mlimani unabaki nani?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananionea huruma, na hakuwa na haja ya kunikumbusha shamba ni la nani. Nilimwangalia nikaona kwamba amenisemea kila kitu ambacho nimekuwa nikijisemea tangu Jumanne, neno kwa neno, na kikitoka mdomoni mwa mtu mwingine kilikuwa kinanuka. Nikamjibu kwamba ile nyingine imepita leo asubuhi, na kesho saa tatu itapita tena ikiwa na watu. Yeye akauliza, "Ile nyingine nayo?" Nikapanda hadi kanisani, nikipumzika mara tatu njiani.

Erick alipokea mlio wa kwanza haujaisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Erick, lile fundo ni langu."

"Ndiyo mzee," akasema. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Nililiona wiki tatu zilizopita, nilipofungua kubadilisha taa. Hakuna mwingine anayefunga vile. Nikasema hapa alipita mzee Severini, hapa pako salama, nikarudisha ubao. Kosa langu ni hilo, sikuangalia chini yake." Akavuta pumzi. "Kwenye kamati sijakutaja. Sikujua kama ni fundo au ni kitu kingine, na hata kama ningejua, ningewezaje kukutaja wewe kabla hujasema mwenyewe? Ndiyo maana nilikutumia picha. Nilijua ukiiona utasema."

Nikafikiria ule ujumbe wangu kwamba picha haionekani vizuri. Alikuwa ameusoma akauamini, au alikuwa ameusoma akaninyamazia. Sikuwa na ujasiri wa kuuliza. Nikamweleza habari ya mashine ya kusaga, shaba, siku mbili. Nilimsikia akiandika.

"Asante mzee," alisema, na sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Hii inatosha kabisa. Kesho nitawasomea. Naomba uyaseme tena kwa maneno yako, nikurekodi."

"Subiri. Ile nyingine nayo."

"Ipi?"

"Pacha wake. Niliifunga mimi, mwezi huo huo. Dari yote."

Nilidhani mtandao umekatika, nikaitoa simu sikioni nikaitazama.

"Ile nyingine imeruka leo," Erick alisema.

"Najua."

"Imeruka jana. Imeruka juzi. Mzee, mimi sikujua kama na ile ni kazi yako. Zilifungwa kabla sijaajiriwa. Wewe..." Akaacha. "Umejua tangu lini kwamba fundo linakata?"

Ningeweza kusema leo adhuhuri, na injini ya Bartholomeo ingenitolea ushahidi.

"Tangu Jumanne," nikasema. "Tangu picha. Naiona ikipita, Erick. Inapita juu ya shamba langu."

"Unaiona."

"Kila asubuhi."

Simu ilikatwa, na safari hii haikuwa mtandao.

Ijumaa niliamka mapema kuliko kuku. Nilipalilia ngazi mbili bila kuona ninachopalilia. Ilipokaribia saa tatu nikapanda juu kabisa, nikasimama mahali pangu. Ukungu ulikuwa umeshaondoka na mbingu ilikuwa wazi hadi mlima Mindu. Saa tatu ikafika. Nikasikia maji kwenye mfereji, shoka la mtu bondeni, kengele ya shule. Saa tatu na robo. Saa tatu na nusu. Hakikupita kitu.

Niliketi chini kati ya kabichi nikalia. Nililia kwa furaha kwanza, nakiri, kwa ajili ya watu wale waliokuwa mahali fulani uwanjani Dar es Salaam wakilalamika kwamba safari imefutwa na hakuna anayewaambia sababu. Kisha furaha ikaisha na mimi bado nalia. Asubuhi ilikuwa pana mno. Sikujua nifanye nini na macho yangu. Nilikumbuka jinsi Cecilia alivyokuwa akinicheka nikisimama kuitazama ndege, akisema siku moja itanidondoshea barua.

Saa tisa nilikwenda kona ya kanisa. Bartholomeo alikuwa mlangoni kwa mashine yake, ana wateja wawili. Aliniona, akainua mkono, akaushusha. Hakuwaambia wateja mimi ni nani.

Ujumbe ulikuwa umeingia mchana.

"Tumefungua dari yote ya ile nyingine. Mafundo yako ni kumi na saba. La tisa, shaba ilikuwa nje kabisa. Ndege haitaruka mpaka yabadilishwe yote. Kamati imepokea maelezo na leseni yangu wameniachia. Watakuja kukuhoji wiki ijayo."

Nilifurahi kwa ajili ya leseni. Nilisoma lile la tisa mara kadhaa, nikajaribu kukumbuka ni sehemu gani ya dari, juu ya kiti cha nani. Kisha nikarudi mwanzo wa ujumbe, maana niliona kuna kitu nimekiruka. Nikausoma tena kutoka juu, polepole, kidole kwenye kioo. Hapakuwa na kilichorukwa. Ujumbe ulianza na tumefungua.

Vidole vyangu, kwa mazoea, vilikuwa vimeshaandika marahaba. Nililiangalia neno lile limekaa peke yake pale chini, kisha nikalifuta.